Mshika Mengi Hakuponyokwa: Kuitetea Shahada ya Jumla

Katika ukumbi mmoja wa East Ham, mashariki ya London, pilau ikiwa imekwisha kupakuliwa na watoto wakikimbizana baina ya viti, nilimsikia mzee mmoja akimuuliza binti wa jamaa yake swali ambalo takriban kila mtu wa kwetu aliyejiandikisha chuoni katika mji huu amewahi kuulizwa: “Unasomea nini, mwanangu?” Binti huyo, ambaye ni mama wa watoto wawili na hufanya zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, alijibu kwa adabu: “Nasoma shahada ya jumla, ami. Historia, falsafa, na takwimu kidogo.” Mzee akanyamaza, kisha akatabasamu. “Mshika mbili moja humponyoka,” akasema, “nawe umeshika tatu.” Meza nzima ikacheka. Binti naye akacheka, kwa kuwa hakuachiwa la kufanya jingine.

Mimi nilikuwa miongoni mwa waliocheka, na makala haya ni kafara ya kicheko kile. Nadai mambo mawili. La kwanza ni kwamba dharau tuliyo nayo kwa shahada ya jumla si hekima ya wazee wetu, ingawa tunaivika methali zao. Ni bidhaa tuliyoletewa na dola, na sasa tunauziwa tena na soko. La pili ni kwamba sisi wasomi wa Kiswahili, ambao tulipaswa kuwa wa kwanza kuitetea elimu pana, tumekuwa miongoni mwa wanaoibeza, na kwa kufanya hivyo tunakata tawi tulilokalia.

Tuanze na asili ya jambo. Chuo Kikuu cha London kilipata hati yake ya kifalme mwaka 1836, na katika miaka yake ya mwanzo hakikuwa mahali pa kufundishia bali baraza la kutahini. Mwaka 1858 kikafungua mitihani yake kwa mtu yeyote, popote alipo, bila kumlazimisha apite katika mlango wa koleji fulani. Fundi wa Manchester, karani wa Colombo, mwalimu wa kijijini, wote waliweza kujisomea kwa taa zao wenyewe na kuketi mtihani uleule. Mwaka huohuo wa 1858, katika visiwa vya Lamu, Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utendi wake mashuhuri. Haikuwa na uhusiano hati ya London na wino wa Mwana Kupona, na sitaki kuulazimisha. Lakini yafaa kukumbuka kwamba chuo hicho kilichojiita wazi kwa wote kilingoja hadi mwaka 1878 ndipo kikawaruhusu wanawake kupata shahada zake. Mwanamke wa Pate aliyeandika, akafundisha na kuusia, hakungoja ruhusa hiyo.

Shahada hizi zilikuja kwetu kwa njia ya ukoloni. Mwaka 1949 Makerere iliingizwa katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wa Kampala wakawa wanasomea shahada za London. Koleji ya Dar es Salaam ilipofunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, ikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika ishirini, nayo ilikuwa chini ya ulezi huohuo, mpaka kilipoundwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963. Pamoja na shahada hizo lilikuja daraja. Kulikuwa na shahada ya jumla, ambayo mwanafunzi aliipata kwa kusoma masomo kadhaa. Na kulikuwa na ile waliyoiita ya heshima, yaani ya aliyezama katika somo moja. Tazama jina lenyewe. Ukimpa mmoja heshima, yule mwingine umemnyima, hata kama hukutamka. Msamiati wa karatasi ya mtihani ukawa msamiati wa sebuleni: huyu ana heshima, yule ana jumla.

Na hapa ndipo tunapoona jinsi neno letu lilivyogeuzwa kichwa chini. Nenda Kariakoo, nenda Marikiti ya Mombasa, uulize nani tajiri: muuza jumla au muuza rejareja? Muuza jumla ndiye mwenye ghala, ndiye ajuaye meli imetoka wapi na mzigo unakwenda wapi. Muuza rejareja hupimia watu robo na nusu. Ni katika elimu tu ambapo tumekubali kwamba mwenye jumla ni maskini na mwenye rejareja ndiye bwana.

Watetezi wa ubobezi hupenda kusema kwamba elimu pana haimwandai mtu kwa lolote. Tuwajibu kwa mfano mmoja tu, ambao hawana budi kuuheshimu. Julius Nyerere, baada ya kusoma ualimu Makerere na kufundisha Tabora, alikwenda Edinburgh mwaka 1949. Mwaka 1952 alihitimu shahada ya kwanza ambayo Waskoti huiita M.A., tena ile ya kawaida, si ile ya heshima. Alisoma fasihi ya Kiingereza, uchumi wa siasa, anthropolojia ya jamii, historia ya Uingereza, historia ya uchumi, sheria ya katiba, na falsafa ya maadili. Hesabu mwenyewe: ameshika saba. Je, ni ipi iliyomponyoka? Sheria ya katiba alikwenda nayo kudai uhuru. Anthropolojia na uchumi, tukubaliane naye au tusikubaliane, vilikutana katika maandiko yake ya ujamaa. Fasihi aliirudia akiwa Ikulu, akatafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, ya kwanza ikatoka mwaka 1963 na ya pili mwaka 1969, akithibitisha kwa vitendo kwamba Kiswahili kinaweza kubeba mzigo huo. Mtu aweza kumlaumu Nyerere kwa mengi, na wapo wanaomlaumu kwa haki; lakini hakuna awezaye kusema kwamba upana wa masomo yake ulimwacha bila kazi.

Lakini hatuhitaji kwenda Uskoti kutafuta ushahidi. Turudi pwani. Mwanachuoni wa Lamu, wa Mombasa au wa Unguja hakuwa mbobezi kwa maana ya leo. Aliyeketi darasani msikitini alisoma nahau na sarufi ya Kiarabu, tafsiri, hadithi na fiqhi. Akasoma mirathi, ambayo ni hesabu ya sehemu na mafungu. Akasoma falaki, ili ajue wakati wa sala na mwandamo wa mwezi. Wengi wao walitunga mashairi, na baadhi wakawa matabibu. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912 na kufariki mwaka 1982, alikuwa mwalimu wa skuli, kisha Kadhi Mkuu wa Kenya. Akaitafsiri Qurani yote kwa Kiswahili. Akaandika historia za watawala wa Zanzibar na za maulamaa wa Afrika Mashariki. Angefika leo katika ofisi ya usaili, angeulizwa achague moja. Wazee wetu walisema elimu ni bahari, na hakuna nahodha aliyeijua bahari kwa kukaa katika ghuba moja. Basi ile methali ya mshika mbili ilihusu pupa na tamaa. Kuitumia dhidi ya mtafuta elimu ni kuionea methali yenyewe.

Kama dharau hii si yetu, imetoka wapi tena, baada ya ukoloni kufungasha? Jibu ni bei. Hadi mwaka 1998 mwanafunzi wa kutwa aliyekuwa mkazi wa Uingereza hakulipa ada kwa shahada ya kwanza katika chuo kikuu cha umma. Mwaka ule ikawekwa ada ya pauni 1,000. Mwaka 2006 ikaruhusiwa kufika pauni 3,000. Mwaka 2012, katika Uingereza yenyewe tukiiacha Uskoti, ikaruhusiwa kufika 9,000. Mwaka 2017 ikawa 9,250, na mwaka 2025 ikapanda kufika 9,535. Anayeanza sasa kwa mkopo wa serikali huenda akawa anaulipa kwa muda wa miaka 40. Elimu ikishawekewa bei ya namna hiyo, swali la “unasomea nini” hubadilika likawa “utalipwa ngapi.” Serikali nayo hukusanya takwimu za mishahara ya wahitimu, kozi kwa kozi, na kozi isiyoleta mshahara huanza kuitwa isiyo na thamani. Julai 2023 waziri mkuu wa wakati huo, Rishi Sunak, alitangaza kwamba vyuo vitawekewa ukomo wa wanafunzi katika kozi zitakazohukumiwa kuwa duni, na miongoni mwa vipimo vya hukumu hiyo ni kazi apatayo mhitimu.

Ajabu ni kwamba nchi hiyohiyo iliwahi kujua zaidi. Ripoti ya Robbins ya mwaka 1963, iliyopanua vyuo vikuu vya Uingereza, ilitaka wanafunzi wengi zaidi wa shahada ya kwanza wasome kozi pana kuliko zilizokuwapo. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilipata hati mwaka 1969, na wanafunzi wake wa kwanza wakaanza mwaka 1971, bila kudaiwa vyeti vya kuingilia. Kwa miaka mingi shahada yake ya kwanza ilikuwa moja tu, na kila mwanafunzi aliijenga kwa masomo aliyoyachagua. Mpaka leo kinatoa shahada huria, tena pamoja na lile daraja la heshima. Na pale Bloomsbury, hatua chache kutoka jumba la Senate House, kipo chuo cha Birkbeck, kilichoanzishwa mwaka 1823 kwa ajili ya mafundi wa mji, ambacho kwa vizazi kadhaa kimefundisha jioni, watu wakitoka kazini.

Ni vyuo vya namna hiyo hasa vilivyopigwa. Mwaka 2007 serikali ilitangaza kuondoa ruzuku ya takriban pauni milioni 100 kwa mwaka kwa wanafunzi waliorudi kusoma shahada iliyo sawa na waliyo nayo au chini yake, na waliouhisi uchungu huo kuliko wengine ni vyuo vya watu wazima wafanyao kazi. Ada za mwaka 2012 zilipokuja, idadi ya walioanza shahada ya kwanza kwa muda wao wa ziada ilishuka kwa zaidi ya nusu katika miaka michache. Fikiria ni nani waliotoweka katika takwimu hizo. Si mtoto wa daktari wa Hampstead, ambaye ana miaka mitatu ya kukaa chuoni kutwa. Ni msafishaji wa ofisi za City anayepanda basi saa kumi alfajiri, ni dereva, ni mlezi wa wazee. Ni watu wetu. Kwao shahada ya jumla haikuwa anasa. Ilikuwa ndiyo shahada pekee inayokubali kuketi na maisha yao: somo moja mwaka huu, mawili mwaka ujao, mapumziko mtoto akizaliwa, kisha kuendelea. Kumcheka mtu wa namna hiyo ni kusimama upande wa aliyemfungia mlango.

Nisidanganye, hata hivyo. Zipo hoja za upande wa pili ambazo haziondoki kwa ufasaha. Anayetaka kuwa daktari, muuguzi, mhandisi au wakili hana budi kupita njia ya taaluma hiyo, na yeyote anayemwambia vinginevyo anampoteza. Anayekusudia kurudi nyumbani ajue kwamba Tanzania, kwa mfano, shahada ya nje hupitia kwa Tume ya Vyuo Vikuu ili itambuliwe, na kwamba anayetaka kufundisha sekondari ataulizwa somo lake ni lipi. Haya si mambo ya kujifunza baada ya miaka sita ya kusoma usiku. Na ipo pia hatari ya ndani: shahada ya jumla yaweza kugeuka kuwa kikapu cha sokoni, nyanya hapa na kitunguu pale, pasiwe na mpishi. Upana usio na swali linalouongoza ni kutangatanga. Nyerere hakusoma masomo saba kwa sababu hakujua la kuchagua. Alikuwa na nchi moyoni, na kila somo aliliuliza kwa ajili ya nchi hiyo. Kwa hiyo ninachotetea si uvivu wa kuchagua. Ninatetea haki ya mtu mzima kuwa na swali kubwa kuliko idara moja.

Kisha lipo kosa kubwa zaidi la shahada hii, ambalo wanaoibeza hawalitaji kwa kuwa haliwaumi. Jumla hiyo ni jumla ya nani? Mwaka 1968, Nairobi, Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban Lo Liyong walitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, si kwa sababu walichukia fasihi ya Kiingereza, bali kwa sababu walikataa iwe kitovu na Afrika iwe kiambatisho. Swali lao bado halijajibiwa katika mji huu. Binti wa East Ham aweza kusoma historia, falsafa na takwimu kwa miaka sita, akahitimu na kupigwa picha na joho, na asikutane hata mara moja na ukurasa mmoja wa lugha anayoiota. Na si kwamba London haina Kiswahili. Skuli ambayo leo ni SOAS ilianza kufundisha mwaka 1917, na Alice Werner aliyefundisha Kiswahili pale akawa profesa wa Kiswahili na lugha za Kibantu mwaka 1921. Lakini lugha hiyo ilifundishwa kwanza kwa maofisa na wamisionari waliokuwa wakienda kwetu. Karne moja baadaye, sisi tuliokuja huku hatuikuti katika kozi ile tunayoweza kuimudu, kwa saa tunazoweza kuzipata. Elimu inayojiita ya jumla na kumwacha mwanafunzi nje ya mlango si ya jumla.

Hapo ndipo ninapowageukia wasomi wenzangu, kwa maana kosa hili lina sehemu yetu. Tumeigawa taaluma ya Kiswahili vipande vipande: huyu wa fonolojia, yule wa riwaya, yule wa tafsiri, na kila mmoja analinda shamba lake kama mwenye hati. Lakini mchukue Muyaka bin Haji wa Mombasa. Nani awezaye kumsoma kwa somo moja? Atakaye kumwelewa lazima ajue ugomvi wa Mazrui na Mabusaidi, na hiyo ni historia; ajue kaskazi na kusi na vyombo vya baharini, na hiyo ni jiografia; ajue bei, deni na biashara, na huo ni uchumi; ajue Kiarabu, na lahaja ya Kimvita, na kanuni za vina na mizani. Fasihi yetu yenyewe ni shahada ya jumla. Tukimwambia mwanafunzi kwamba upana ni udhaifu, tunamwambia kwamba Muyaka hasomeki, na punde si punde hatasomeka kweli.

Basi nataka nini? Nataka vyuo vya umma vya London vinavyofundisha watu wazima viiingize lugha ya Kiafrika katika orodha ya masomo ya shahada pana, si kama kozi ya watalii ya wiki kumi, bali kama somo lenye uzito sawa na mengine. Nataka wale wetu wenye viti katika vyuo hivyo waache kungoja waombwe. Nataka vyama vyetu vya Waswahili katika mji huu, ambavyo hukusanya michango ya harusi na maiti kwa bidii isiyo na mfano, vikusanye pia ada ya somo moja kwa mtu mmoja, kila mwaka. Na nataka tuliache lile swali. Badala ya “unasomea nini,” ambalo humtaka mtu ajitaje kwa jina la mshahara, tuulize: “Umesoma nini wiki hii?”

Mimi nilimuuliza. Ilikuwa baada ya karamu, tukiwa kituoni tunangoja basi, yeye akiwa njiani kuelekea zamu yake. Alinieleza, kwa Kiswahili cha Tanga kilichochanganyika na istilahi za Kiingereza alizozikosea jina kwetu, kwamba anasoma jinsi takwimu za vifo zilivyokusanywa London katika karne ya 19, mtaa kwa mtaa, mpaka watu wakatambua kwamba kipindupindu kilikuwa kikisafiri na maji. Akasema anafikiri juu ya Unguja, ambayo nayo ilipigwa na kipindupindu katika karne hiyohiyo, na kwamba angependa kujua nani aliwahesabu maiti wa kwetu, na kama hakuna aliyewahesabu, kwa nini. Kisha basi likaja, akapanda.

Historia, falsafa, na takwimu kidogo. Swali lake lilizihitaji zote tatu, na sikuona hata moja iliyomponyoka.